UFA KATIKA KASHA LA INJINI: MANENO KWA WENYE PIKIPIKI KUUKUU

(Hotuba ya mwanachama wa tawi la Mariakani, mfanya kazi wa njia ya reli, aliyoitoa mbele ya mkutano wa wanachama siku ya Jumapili. Tumeipiga chapa kama alivyoisema. Pale alipochora ubaoni tumeweka maneno badala ya picha.)



Katibu aliponiomba niseme habari za pikipiki, kwanza nilikataa. Mimi si fundi wa pikipiki. Shule yangu ni ile ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni ya gengi, nyundo na spana za reli. Lakini Katibu akaniambia, "Wewe ndiwe uliyemwangusha mwenzako, basi wewe ndiwe utakayewaeleza wengine." Neno lile lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Na huyo mwenzangu yumo humu ndani leo, ameketi pale karibu na dirisha. Nimemwomba ruhusa nitaje habari zake bila kumtaja jina, naye amekubali.

Wengi wetu hapa tunakaa mbali na kazi. Zamu ya alfajiri haingoji matatu. Ndiyo maana tangu Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008 zimejaa kila mahali, na sasa zile za kwanza zimezeeka mikononi mwetu. Mimi nilinunua yangu kuukuu, kwa fedha za mkopo. Injini yake ni ya mtindo wa Honda CG125, ile iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970 na kunakiliwa baadaye na viwanda vingi vya China. Ni injini ya mtu maskini, nami nasema hivi kwa sifa. Wajapani waliitengeneza wakijua kwamba itapakizwa kupita kiasi na kubadilishwa oili kwa kuchelewa. Hata cheni yake waliifunika yote kwa bati, vumbi lisiingie. Lakini yule aliyeniuzia alikuwa amekwisha tupa kile kifuniko, ati kinapiga kelele.

Sikilizeni sasa jinsi mambo yalivyokwenda. Cheni bila kifuniko hula vumbi, na cheni inayokula vumbi hurefuka. Siku moja ilikatika nikiwa mwendoni. Cheni ikikatika haianguki chini kwa adabu. Huburutwa na ile sproketi ndogo ya mbele, ikajikunja na kujibana kati ya sproketi na ukuta wa kasha, na nguvu yote ya injini ikaisukuma pale. Kitu dhaifu ndicho hutoa njia, na pale kitu dhaifu ni kasha lenyewe. Nilipofika nyumbani niliona ufa nyuma ya sproketi, upande wa kushoto, mrefu kama kidole changu cha shahada, na oili inatoka kidogo kidogo kama jasho.

Nikaenda gereji moja, wakaniambia hakuna dawa, nunua injini nyingine. Bei yake sikuiweza. Basi nikanunua ile gundi ya chuma ya mirija miwili, nikafuta oili kwa kitambaa, nikapaka, nikangoja usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikajiona fundi.

Gundi ile ilishika siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimempakia mwenzangu huyu, tunatoka kazini, na kabla ya kufika barabara kuu kuna kona ya kushoto mnayoijua wote. Gundi ilikuwa imekwisha achia bila mimi kujua. Oili ilitiririka ikarushwa na cheni juu ya ubavu wa kushoto wa tairi la nyuma. Ukienda moja kwa moja huoni kitu, maana ubavu haugusi barabara. Ukilala kwenye kona ya kushoto, ubavu ule ule ndio unaokuchukua. Tulianguka kama waliovutwa miguu. Mimi nilichubuka goti tu. Mwenzangu alivunjika mtulinga.

Naye alikuwa kibarua wa siku. Hana likizo ya ugonjwa. Tuliambiwa ajali ilitokea njiani juu ya pikipiki yetu wenyewe, si kazini, kwa hiyo hakuna fidia. Wiki saba mke wake aliuza mbaazi na mahamri asubuhi ili watoto wale. Tawi lilichanga, nawashukuru, lakini mchango si mshahara. Na sababu yake ni ufa wa urefu wa kidole, na haraka yangu mimi.

Sasa nataka tuseme juu ya ufa wenyewe, kwa kuwa sisi watu wa reli tungepaswa kuujua kuliko wengine.

Tarehe 8 Mei 1842, huko Ufaransa, gari moshi lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles limejaa watu waliokwenda kwenye sherehe. Ekseli ya injini ilikatika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na zaidi ya watu 50 wakafa. Watu wakashangaa: ekseli ile ilikuwa imechukua mzigo ule ule kila siku bila neno, kwa nini ikatike leo? Baadaye Mjerumani mmoja wa shirika la reli, jina lake August Wöhler, alitumia miaka mingi ya 1850 na 1860 akizipinda ekseli kwa mashine, mara elfu na maelfu. Akaonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo mdogo ambao kwa mara moja hakingeuhisi kabisa, mradi mzigo huo urudi na kurudi. Ufa huanza kama unywele, huanzia penye kona kali au mkwaruzo, na kila mzunguko husogea mbele kidogo.

Ninyi mliofanya kazi ya njia mmeuona ufa wa namna hiyo kwenye matundu ya bolti za reli, pale mwisho wa reli unapopigwa na kila gurudumu. Hauanzi katikati ya chuma kizima. Huanzia ukingoni mwa tundu. Basi kasha la injini ni vile vile. Injini hutetemeka maelfu ya mara kwa kila dakika, na ufa ulio na ncha kali hautalala hata ukiupaka dawa gani juu. Gundi yangu ilifunika ufa tu, haikuuzuia kutembea.

Kwanza kabisa, basi, ni kuujua ufa umefika wapi, maana jicho huona nusu yake. Akina mama, mnaponunua mtungi mnafanyaje? Mnaugonga kwa kidole. Mtungi mzima hulia, wenye ufa hukoroma. Wakaguzi wa magurudumu ya mabehewa nao walitembea na nyundo kwa sababu hiyo hiyo. Nusu ya kasha ikiwa imekwisha vuliwa kila kitu, itundike kwa kamba uigonge kwa mpini wa bisibisi. Utasikia.

Halafu kuna njia ya mafuta ya taa na chaki, ambayo mzee mmoja wa karakana alinifundisha zamani juu ya vyuma vya toroli. Safisha kasha mpaka liwe kavu. Paka mafuta ya taa mahali unapotilia shaka, ngoja nusu saa au zaidi. Futa yote mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kwenye kasha langu, ule ufa wa kidole kimoja ulichora vidole viwili, na tawi moja lilikuwa linaelekea kwenye sikio la kufungia injini katika fremu. Hilo sikio ndilo linalobeba injini. Fikirini, nami nilikuwa nimepaka gundi.

Nisieleweke vibaya. Gundi ina mahali pake. Kama ni ufa mdogo kwenye kifuniko cha pembeni, mahali pasipobeba kitu, ukakwaruza chuma mpaka king'ae na kuondoa kila alama ya mafuta, itashika muda mrefu. Lakini penye nyumba ya beringi, penye sikio la injini, au nyuma ya sproketi, usiiamini. Injini ikiwa kazini oili yake hupata joto linaloweza kukaribia nyuzi 100, na gundi nyingi za kawaida huanza kupoteza nguvu kabla ya hapo. Ndiyo yaliyonipata.

Sasa kuchomelea. Hapa wengi wameharibu kasha lililokuwa likitibika. Kasha la pikipiki si chuma. Ni aluminiamu iliyosubiwa, na aluminiamu ina tabia mbili mbaya. Ya kwanza, haitoi habari. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cheupe, kinakuonya. Aluminiamu hukaa na rangi yake ile ile, halafu ghafla huanguka chini kama uji, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ile iliyochanganywa na vitu vingine huanza chini ya hapo. Ya pili, ina ngozi. Hewa ikiigusa tu hujivika ngozi nyembamba ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi zipitazo 2,000. Kwa hiyo fundi akiwasha moto wa kawaida, ndani kumekuwa maji na nje ngozi bado ngumu, vitu havishikani. Mashine ya kuchomelea madirisha na mageti haitafaa. Inatakiwa ile ya umeme wa kwenda na kurudi unaoivunja hiyo ngozi, pamoja na gesi ya agoni inayofukuza hewa. Mafundi huiita "ya agoni" tu, ukiuliza utaonyeshwa. Mimi nilipanda matatu hadi Mombasa na kasha langu ndani ya gunia.

Lakini usimpelekee fundi injini nzima. Najua mko mnaotamani kufanya hivyo, kwa kuwa kuifungua ni kazi. Oili iliyo ndani itachemka na kuingia katika mahali panapochomelewa, sili za mpira zitaungua, na umeme ukipita katika beringi utazitoboa vidonda vidogo vidogo. Ifungue yote. Toa silinda, klachi, sumaku, gia, kranki. Kila kitu kiweke katika kopo lake na uandike kwa mkaa. Beringi usizipige nyundo. Pasha kasha joto sawasawa, kiasi cha tone la maji kuruka likiligusa. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, basi nyumba hupanuka kuliko beringi na beringi hudondoka yenyewe, au kwa kugongwa kidogo na mti. Watu wa gengi hawahitaji kufundishwa habari za chuma kutanuka kwa jua, nafasi kati ya reli mnaijua.

Katika pikipiki za zamani za Kiingereza, kama BSA na Triumph walizokuwa nazo baba zetu na mapadri, nusu mbili za kasha zilichongwa pamoja kama jozi na kupigwa namba moja. Mwenye moja ya hizo asidanganyike kununua nusu moja peke yake, beringi hazitakaa katika mstari. Kwake yeye kutengeneza ni lazima zaidi kuliko kwangu.

Neno la hatari, nalo nalisema polepole. Pikipiki chache zina kasha au vifuniko vya magnesiamu badala ya aluminiamu. Kwa macho zinafanana. Magnesiamu ikiwaka haizimwi kwa maji, maji huichochea. Kwa hiyo kabla ya moto wowote kwaruza rangi mahali padogo na utie tone la siki. Ikitoa povu mara moja, simama, umwambie fundi. Aluminiamu hunyamaza tu. Jambo jingine: zile dawa za kopo za kusafishia breki, nyingine zina klorini. Zikibaki juu ya chuma na moto ukazifikia hutoa gesi ya sumu kali inayoweza kuua mtu. Safisha kwa maji moto na sabuni ya unga, sugua kwa brashi, suuza, kausha juani. Mimi nilirudia mara tatu. Kisha fundi akalipasha joto, na bado likatoa jasho la oili, tukafuta tena. Chuma cha kusubu hunywa mafuta miaka yote ya maisha yake.

Fundi yule alikuwa mtu wa maneno machache, na nilikaa juu ya kopo la rangi nikimtazama. Kwanza alitoboa tundu la milimita 3 mbele kidogo ya kila ncha ya ufa. Nikamwuliza, mbona unazidisha matundu? Akasema ufa hutembea kwa sababu ncha yake ni kali, ukiifanya duara hana pa kushika. Nikakumbuka matundu ya reli. Akalainisha kingo za matundu. Kisha akachimba mfereji wa umbo la V kwa tupa juu ya ufa wote, na kwa upande wa ndani akauchimba kidogo pia. Akaifunga ile nusu kwa bolti juu ya bamba nene la chuma, ili isipinde kwa joto. Akalipasha kasha zima polepole, kwa kuwa ukichoma mahali pamoja na kwingine pana baridi, unaunda ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Halafu akachomelea vipande vifupi, sentimita mbili, akapumzika, akaenda upande wa pili. Fimbo aliyotumia ni ile ya aluminiamu yenye silikoni, ambayo hutiririka vizuri katika vitu vya kusubu.

Alipomaliza hakumwaga maji. Alilifukia ndani ya sanduku la mchanga mkavu wenye joto, akaniambia rudi jioni. Nikazunguka Mombasa bila senti, nikitazama meli.

Jioni tulilitoa, akasawazisha kwa tupa mahali sproketi inapozungukia. Nyumbani nilipaka uso wa kuunganishia masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, nikaulaza juu ya kipande cha kioo kinene na kuusogeza. Pale palipobaki bila alama ni bonde, pale palipofutika ni kilima. Nilipiga msasa laini juu ya kioo kile kile mpaka ukawa sawa. Nikarudia mafuta ya taa na chaki: hakuna mstari. Ndipo nikafunga injini kwa gasketi mpya na sili mpya. Siku tatu za kwanza sikupakia mtu, na kila nilipofika nilipitisha kidole nyuma ya sproketi na juu ya ubavu wa tairi.

Gharama yote, pamoja na nauli, gasketi na sili, haikufika robo ya bei ya ile injini niliyoambiwa ninunue. Ile gereji sikuilaumu sana. Kwao ni rahisi kuuza kuliko kufungua. Lakini mtu anayekatwa mkopo kila mwezi sharti aulize mara mbili.

Mtu ataniuliza, je, zile fimbo nyeupe zinazouzwa, zinazoyeyuka kwa moto wa gesi ya kupikia? Nimezijaribu juu ya kipande kibovu. Nyingi ni za zinki, huyeyuka kabla aluminiamu haijaguswa, na ukikwaruza vizuri kwa brashi ya waya ndani ya ile fimbo iliyoyeyuka, hushika. Kwa tundu la kifuniko zinafaa. Kwa sikio la injini sitaziweka, na anayezitumia akae penye upepo, moshi wake hauko salama.

Tena kuna ufa usiotibika. Ukipita katikati ya nyumba ya beringi ya kranki na nyumba ikalegea, au konrodi ikikatika na kutoka nje kwa dirisha lake yenyewe, kama nilivyoona ya kijana mmoja wa boda boda, basi tafuta kasha jingine. Usimpe fundi fedha za kukufariji.

Na cheni, ndugu zangu, cheni ndiyo mama wa haya yote. Kila Jumapili isukume kwa kidole katikati, chini: katika pikipiki nyingi ndogo icheze kama sentimita 2 au 3, na kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kuamini kuliko mimi. Zungusha gurudumu ujaribu mahali kadha wa kadha, maana cheni kuukuu haikazi sawa pote. Meno ya sproketi yakichongoka kama meno ya papa, badilisha sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja. Klipu ya kiungo cha cheni, ule upande uliofungwa utazame mbele kufuata mwendo. Yangu ilikuwa imewekwa kinyume, niliiona baada ya kukatika. Kifuniko cha cheni nimekitafuta kwa watu wa skrepa nikakipata, kimepinda, nikakinyoosha. Kinapiga kelele kweli.

Mwenzangu yule alirudi kazini wiki ya nane. Bega lake linampa taabu akiinua taruma, na tumeomba kwa nyapara apewe kazi ya bendera mpaka litulie. Jambo hilo bado liko mikononi mwa Katibu, naye atawaeleza baadaye leo. Kupanda pikipiki yangu amekataa, nami simlazimishi.

Kasha mnaloliona mezani si langu, langu linafanya kazi. Hili ni la ndugu mmoja wa Kaloleni, lina ufa chini, pale bolti ya kumwagia oili ilipokazwa kwa nguvu za punda. Nimeleta mafuta ya taa, chaki na brashi. Njoni karibu wawili wawili, mpake wenyewe, tuone umefika wapi.